Chui ameanza kumngurumia mtoto, nifanyeje?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Chuno hapa Mtwara mjini. Nakuandikia kuhusu mbwa wetu, maana nyumbani amani imetoweka. Kila mtu ana lake la kusema, ila mwenye kuishika kazi hayupo.

Mbwa anaitwa Chui. Ni dume, jamii ya German Shepherd ingawa amechanganya kidogo, ana miaka miwili na ushee. Mume wangu alimleta kutoka Dar es Salaam akiwa wa kubebwa kwenye boksi, baada ya wezi kuruka ukuta na kutuibia. Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani ni wa kuja na kuondoka. Akiwepo, neno moja tu na Chui analala chini. Akiondoka, hakuna anayesikilizwa.

Nyumba yetu ina watu. Yupo mama mkwe, wapo wapwa wawili wanaosoma hapa mjini, binti anayenisaidia kazi, na mpangaji na mkewe chumba cha uani. Mwanangu mkubwa yuko kidato cha tatu. Mimi nauza barafu na juisi ya ukwaju pale getini, kwa hiyo kutwa ni hodi, hodi. Jioni ustadhi alikuwa anakuja kusomesha watoto. Msimu wa korosho ukianza, ndugu wa mume wanatoka Newala na Tandahimba, wanalala kwetu wakifuatilia malipo yao.

Chui anafungwa mnyororo karibu na geti, chini ya mwarobaini, tangu asubuhi mpaka usiku tukishafunga geti, ndipo anafunguliwa. Akisikia hodi anajirusha mpaka mnyororo unamkaba. Siku akichomoka anawarukia wageni, miguu ya mbele kifuani. Ustadhi alichafuliwa kanzu, na tangu siku hiyo watoto wanamfuata yeye msikitini. Watoto wakicheza mpira uani usiku wa mbalamwezi anawakimbiza na kuwadonoa visigino. Mwanzoni mwa mwezi uliopita alimpata mpwa wangu wa darasa la tano kwenye kifundo cha mguu, jino likachubua, damu kidogo ikatoka. Tulimpaka spiriti, ikapona.

Kinachoninyima usingizi ni kitinda mimba wangu wa miaka minne. Huyu alizoea kumlalia Chui mgongoni tangu anaanza kutembea. Siku hizi akikaribia bakuli la chakula, Chui ananguruma. Juzi alimshika kichwani tu, bakuli halipo, Chui akanguruma tena na kuonyesha meno. Shemeji yangu alikuwepo. Alichukua fimbo akampiga sana, akasema mbwa akimngurumia mtoto apigwe mpaka asahau. Tangu hapo hangurumi tena, ila anamtazama mtoto kwa jicho ambalo silipendi. Halafu siku hizi anatikisa kichwa kila mara na kukwaruza sikio kwa mguu, nadhani ni kupe.

Mama mkwe anasema mbwa anampitia kibarazani anaposwalia, na aliwahi kumkuta analamba sufuria, kwa hiyo aondoke. Mume wangu anasema alimnunua kwa pesa nyingi, abaki. Shemeji anataka ampeleke shambani Tandahimba akalinde korosho, huko alishwe pilipili na manyigu awe mkali kwelikweli. Mpangaji ameninong'oneza habari za sumu ya panya. Na Desemba, shule zikifungwa, mpwa wangu huyohuyo anaingia jando. Ngoma itachezwa hapa kwetu na watu watajaa.

Chanjo alipata huko Dar akiwa mdogo, kadi siioni. Nimemlea kwa mkono wangu, Shangazi, simchukii. Lakini mtoto ni mtoto. Nifanyeje?

Mama wa Wanne, Chuno, Mtwara

Marahaba, mwanangu, na pole.

Kilio chako kikubwa ni mtoto na bakuli, na tutafika huko. Lakini kuna jambo umelipitia mbio, nami siwezi kulipita: jino la Chui lilimtoa mpwa wako damu, mkampaka spiriti, yakaisha. Na chanjo ya mbwa ni ile ya udogoni tu.

Kichaa cha mbwa kinaingia kwa mate kwenye jeraha, hata mchubuko mdogo, na hakichagui kati ya mbwa wa kununuliwa Dar na koko wa sokoni. Dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Kinachookoa ni kile kinachofanyika kabla ya dalili: jeraha lioshwe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya sindano, na sindano zimalizwe zote kwa tarehe zilizopangwa hata kama kidonda kimeshafunga. Spiriti inakuja baada ya kuosha, haichukui nafasi yake. Mafuta ya taa, majivu, tumbaku na pilipili visikaribie jeraha kabisa.

Sasa nikupunguzie hofu. Mbwa ambaye mate yake yana virusi vya kichaa huugua waziwazi na kufa ndani ya siku chache. Ndiyo sababu mbwa aliyeuma mtu huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Zikipita naye ni mzima, maana yake siku alipouma mate yake hayakuwa na virusi. Chui aliuma mwanzoni mwa mwezi uliopita na bado anakula na kubweka. Hata hivyo mpeleke mpwa wako hospitali ya Ligula, au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uwaeleze habari nzima, wamtazame na chanjo yake ya pepopunda. Neno la mwisho kuhusu sindano ni la daktari aliyemwona mtoto. Hapo utaona pia kwa nini sumu ya mpangaji ni balaa hata kwa binadamu: mbwa aliyeuma akiuawa siku ya pili, hakuna tena wa kumwangalia, na nyinyi mnabaki na wasiwasi usio na jibu. Mbali ya hayo, sumu ya panya ndani ya ua wenye mtoto wa miaka minne naomba isizungumzwe tena hata kwa kunong'ona.

Wiki hiihii fika ofisi ya mifugo ya manispaa, Chui achanjwe upya na apewe kadi. Kadi iweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Chanjo hiyo uihesabu ya kila mwaka, isipokuwa daktari akupangie vingine. Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ilikuwemo kwenye mradi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani wa kupambana na kichaa cha mbwa ulioanza 2010, na kipimo kilichokuwa kikitafutwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, maana hapo ugonjwa unakosa pa kupita. Kazi hiyo haiishi, kwa kuwa kila mwaka wanazaliwa mbwa wengine wasio na chanjo. Ukikosa nafasi leo, sikiliza matangazo karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Sehemu nyingi hupanga kampeni za chanjo kipindi hicho.

Ukiwa huko, mwonyeshe daktari lile sikio. Rudia kusoma ulivyoniandikia: siku Chui alipoonyesha meno, bakuli halikuwepo. Mtoto alimshika kichwani. Na ni mbwa huyohuyo anayetikisa kichwa na kujikwaruza sikio. Inawezekana ni kupe, inawezekana ni sikio lililooza ndani, lenye harufu na uchafu wa kahawia, nalo linauma sana hata likiguswa kwa upendo. Mbwa mpole aliyebadilika ghafla huwa namtafutia maumivu kwanza kabla sijamtafutia tabia. Usilichokonoe mwenyewe wala usimtie mafuta ya nazi. Mume wako ndiye ampeleke, kwa mkanda imara, na amfunge mdomo kwa kile kikapu cha waya au plastiki kinachomwachia nafasi ya kuhema. Na kuanzia leo mtoto asimguse. Hata wewe ukiwa umesimama pembeni, asimguse.

Sasa hilo la kunguruma. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watoto wanapoumizwa.

Kunguruma ni onyo. Mbwa anasema nimechoka, naumwa, ondoka, kabla hajatumia meno. Fimbo ya shemeji yako imeiondoa sauti, haikukiondoa kilichoileta. Chui bado anaumwa sikio, bado anahofia chakula chake, na sasa ameongezewa jambo la tatu: mtoto akikaribia, kipigo kinakuja. Jicho usilolipenda ulilisoma sawasawa. Yeyote asimpige kwa kunguruma, wala kwa fimbo wala kwa kandambili. Akinguruma, mtoto anaondolewa kwa utulivu, mtu mzima anajiuliza kilichotokea, basi.

Na kwa vile sauti imeshazimwa, wewe na binti anayekusaidia itabidi msome mwili. Chukua hali ya bakuli. Mbwa anayekula kwa raha anatafuna huku mwili umelegea na mkia unacheza ovyo. Akisikia miguu inakuja, wa namna ya Chui anaacha kutafuna ingawa mdomo bado umo bakulini. Shingo inakakamaa, kichwa kinashuka zaidi kana kwamba anakifunika chakula, na jicho linageuka pembeni mpaka weupe unaonekana ukingoni. Wengine wanaanza kula kwa pupa. Wengine wanajilamba pua, au wanapiga mwayo wakati hawana usingizi. Ukiona mwili umeganda namna hiyo, una sekunde chache tu. Usipige kelele, usimvute mbwa. Mwite mtoto aje kwako, au mbebe.

Chakula chenyewe kisiwe tena uani. Chui ale ndani ya banda lililofungwa, asubuhi na jioni, na bakuli litolewe akishamaliza na akiwa ametoka. Hilo peke yake litaondoa sehemu kubwa ya hatari. Ukitaka pia kumpunguzia hofu, mtu mzima, mume wako au wewe, apite mbali kidogo wakati Chui anakula, hatua ambazo hazimshtui, amrushie kitu kitamu kuliko kilichomo bakulini, kama kipande cha utumbo wa kuchemsha, kisha aendelee na safari yake. Asisimame, asiliguse bakuli. Siku zikienda, Chui mwenyewe atainua kichwa kwa kungoja, shingo ikiwa laini, ndipo usogee kidogo. Akikakamaa, umekwenda haraka, rudi nyuma. Kumpokonya mbwa chakula ili ajue nani mkubwa kunamfundisha kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli. Zoezi hili watoto hawaingii kabisa, hata yule wa kidato cha tatu.

Banda nimelitaja kama vile lipo. Halipo, na ndilo la kwanza kujengwa. Mbwa dume wa jamii hii ana kilo 30 hadi 40, akili inayotaka kazi, na nyinyi mmempa mnyororo pembeni ya geti lenye wateja kutwa. Anaona kila mguu unaoingia na hawezi kuufikia wala kuukimbia. Kila hodi ni koo kukabwa. Akae hivyo mwaka mzima, mbwa yeyote ataanza kuamini kwamba mgeni ndiye anayemletea maumivu. Mtoeni getini. Jengeni banda nyuma ya nyumba, upande asioona barabara: mabanzi na wavu imara, kimo asichoruka, paa la makuti kwa ajili ya joto, mlango wenye komeo la juu ambalo mtoto halifikii. Liwe na nafasi ya kutembea. Maji yasikauke. Mlinzi wa usiku anatakiwa awe amelala mchana, na pale getini hajapata kulala.

Halafu mfundisheni hodi. Najua kwa sasa neno hilo ndilo linalomwasha, lakini linaweza kugeuzwa kuwa neno la kumpeleka bandani. Anza saa ambayo huna wateja. Mwanao mkubwa asimame nje ya geti. Wewe kaa karibu na banda ukiwa na dagaa wakavu wasio na chumvi mfukoni, Chui akiwa kwenye kamba. Kijana aseme hodi kwa sauti ya chini. Papo hapo, Chui hajapata wasaa wa kubweka, tupa dagaa ndani ya banda. Akiingia kuokota, mrushie mwingine akiwa humo humo. Kimya. Hodi tena, dagaa tena. Zoezi liwe fupi, liishe kabla hajachoka. Baada ya muda utaona akisikia hodi anageuza kichwa kuelekea bandani kutafuta dagaa wake. Hapo ndipo sauti ipandishwe, kisha geti lichezeshwe, kisha aje jirani wa kweli. Nyumba nzima ishike utaratibu mmoja: geti halifunguliwi mpaka mtu amehakikisha Chui yuko ndani na komeo limeshuka. Mteja wa barafu atangoja nusu dakika, hatakufa na kiu.

Kuruka kifuani ni salamu ya mbwa mwenye furaha ambaye akiwa mdogo mlimchekea alipofanya hivyo. Akiruka, geuka mpe mgongo, mikono kifuani, usimsemeshe. Miguu yote minne ikiwa chini, msalimie. Kumsukuma kwa mikono na kupiga kelele anaona ni mchezo. Ustadhi mwombeni radhi rasmi, mume wako aende mwenyewe, na akirudi kufundisha Chui awe bandani kabla yeye hajafika.

Visigino vina historia yake. Jamii hii ilitengenezwa Ujerumani kwa kuchunga kondoo, na chama cha kuiendeleza kilianzishwa huko mwaka 1899. Kitu kinachokimbia na kupiga kelele kinamwita akikusanye. Kwa hiyo mpira na Chui haviwi uani wakati mmoja. Watoto wafundishwe yafuatayo mpaka wayaseme usingizini: mbwa akila, akilala au akiwa amefungwa, haendewi, hakumbatiwi wala hapandwi mgongoni, akikukimbilia simama wima, mikono ubavuni, tazama pembeni, akikuangusha jikunje na ufunike masikio na shingo. Yule wa miaka minne hatakumbuka, na si kosa lake. Kwake ulinzi ni mlango uliofungwa.

Mama mkwe wako ana hoja, na usiiache ionekane kama chuki. Mbwa wa ulinzi ana ruhusa yake katika dini, lakini kulamba chombo ni jambo lingine. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu huku pwani tunayafuata, chombo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Akitaka zaidi, sheikh wake yupo. Wewe mhakikishie matatu: Chui haingii ndani wala kibarazani, vyombo vyake vina alama na vinaoshewa bandani, na njia ya mama kwenda kuchukua udhu haipiti alipo mbwa. Utaona kwamba anachokidai mama na anachohitaji Chui vinakutana: mbwa awe na mahali pake.

Tumbo likitulia, miguu nayo itembee. Alfajiri, saa kumi na moja na nusu hivi, jua halijachoma mchanga, Chui atembezwe kwa kamba fupi na imara, nusu saa au zaidi, na aachwe anuse. Kunusa kunamchosha vizuri kuliko kukimbizwa. Mwanao mkubwa anaweza kuifanya kazi hii kama ana nguvu za kumshika, mradi baba yake amfundishe kwanza mwenyewe na daktari awe ameshalitazama sikio. Asimfungulie ufukweni hata pakiwa peupe. Na mwambie mume wako kwa upole, lakini mwambie: mbwa anayemtii yeye peke yake, naye hayupo, hajafundishwa bado. Kila akirudi safari atenge muda awakabidhi Chui wewe na mwanao, amri zilezile, sauti ileile, na tuzo itoke mikononi mwenu.

Kuhasi kutampunguzia kuzurura na kugombania majike, kwa hiyo ulizia. Hakutamtibu hofu ya chakula.

Kwa shemeji nina neno zito zaidi. Pilipili na manyigu havimfanyi mbwa awe mlinzi. Vinamuunguza mdomo na tumbo na kumfanya mnyama wa kuogopa kila mkono. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na hayo ni mateso. Tena fikiria hilo shamba. Kuanzia Oktoba mikorosho ina watu: wanawake wenye watoto mgongoni wanaookota, vijana wanaobeba magunia, majirani wanaopita njia za mkato kama walivyopita miaka yote. Ukimtupia hapo mbwa mwenye hofu, anayeumwa sikio, asiyemjua mtu, umetoa hatari Chuno ambako hospitali ipo, ukaipeleka mahali ambapo aliyeumwa atatafuta usafiri kwanza. Asiende.

Lakini sitakuficha. Ukishafanya haya, sikio limetibiwa, banda lipo, na Chui bado anamvizia mtoto, au akamuuma mtu jeraha la kuingia, nyumba yako siyo yake tena. Mtafutieni mtu mzima asiye na watoto wadogo, mwenye ua na uzoefu wa mbwa wakubwa, mumweleze kila kitu bila kupunguza, pamoja na lile jino la mpwa wako. Asipopatikana, daktari wa mifugo ana njia ya kumlaza usingizi wa mwisho bila mateso. Ni uamuzi wa kuumiza, na ukifika hapo usikubali akuambie mtu kwamba umemsaliti. Kumtelekeza barabara ya Mikindani usiku ndiko kumsaliti, yeye na watu wa huko.

Imebaki jando. Banda liwe limekamilika mapema kabla ya Desemba, azoee kulala humo kwa amani, maana mbwa anayeingizwa bandani kwa mara ya kwanza siku ya ngoma atalivunja. Mwambie daktari mapema kwamba kutakuwa na ngoma za usiku kucha. Ikiwa Chui ni wa kutetemeka na kujigonga kwa kelele, kuna dawa za kumtuliza anazoweza kuandikiwa, usimpe vidonge vya binadamu. Siku yenyewe atembezwe alfajiri zaidi ya kawaida, ale mapema, upande wa banda unaotazama watu ufunikwe magunia. Wageni wasipelekwe kumtazama, na mabaki ya nyama na mifupa iliyopikwa visirushwe kwake, mifupa hiyo huvunjika vipande vyenye ncha na kuchana tumbo. Mume wako aombe kutopangiwa safari siku hizo. Ufunguo wa banda ukae naye yeye peke yake, na Chui asitoke mpaka mgeni wa mwisho ameondoka na watoto wamehesabiwa wako ndani.